Umepandisha gari na umefunga winchi? Hivi ndo unavyoikatia bima kabla hujaingia porini

Siku gari yangu ilipoteleza kwenye tope ikalalia mti kwa ubavu, asesa wa bima alikuja na simu, tochi na futi kamba basi. Habari za tope wala mti hakuuliza. Alichuchumaa kwenye tairi ya mbele akapima kutoka katikati ya habu mpaka ukingo wa fenda, akaandika, akazunguka nyuma akapima tena, alafu akafungua simu akasoma kidogo akaniuliza, "Bosi, hii gari imepandishwa lini?" Nikajua hapohapo nimeumia, maana kwenye fomu nilijaza gari ya kawaida, mabadiliko hakuna. Walikuja kulipa bodi tu tena baada ya mvutano wa wiki kadhaa, winchi (ile mashine ya kamba ya kujivutia ukikwama), bampa la chuma na hema la kwenye keria hawakugusa hata kidogo. Kinachoniuma ni kwamba walikuwa na haki.

Sasa kwa mwenye 4x4 aliyeimodifai, au anayepanga kuimodifai, mambo yako hivi.

Kwanza elewa kwa nini wanang'ang'ania kujua. Bima sehemu nyingi inasimama kwenye uaminifu wa mteja, yaani we ndo unaijua gari, wao hawaijui, kwa hiyo chochote ambacho kingewafanya wapandishe bei au wakatae kabisa unatakiwa ukiseme mwenyewe hata kama fomu haijauliza. Kuna nchi zimelegeza, Uingereza kwa mfano sheria yao ya 2012 inamtaka mteja binafsi ajibu tu maswali kwa uangalifu na bila uongo, ila haikusaidii sana coz swali la "je gari imebadilishwa chochote" huwa limo kwenye fomu, na ukijibu hapana wakati gari imekaa juu kama twiga umeshajichongea.

Basi chukua daftari uizunguke gari. Andika kila kitu ambacho hakikutoka nacho kiwandani: springi na shokapu, tairi, rimu, bampa, winchi, snokeli (bomba la kuvutia hewa juu), keria, hema, taa, betri ya pili, friji, tenki la ziada, diflok (kifungio cha difu, zile gia za kwenye ekseli), redio, na kama fundi alichezea kompyuta ya injini kuongeza nguvu hiyo iandike juu kabisa, maana hapo ndo huwa wanakuwa wakali kuliko kwenye mavyuma. Usiseme "nimebadilisha tairi", andika saizi. Mfano umetoka 265/70R17 ukaweka 285/70R17, ya kwanza ina kipenyo cha kama milimita 803 na ya pili 831, tofauti ni kama asilimia 3 na nusu, maana yake kama spidomita ilikuwa sahihi mwanzoni, sasa ikikuonyesha 100 we unaenda 103 na ushee. Inaonekana kitu kidogo ila breki nazo zinasimamisha tairi kubwa na nzito zaidi, na asesa anaijua hesabu hiyo.

Uzito nao watu wanausahau kabisa. Kuna kibati, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango, kimeandikwa uzito wa mwisho unaoruhusiwa wa gari yenyewe pamoja na kila kitu kilichomo, watu wakiwemo. Piga hesabu: dizeli lita 100 za ziada ni kama kilo 84, maji lita 60 ni kilo 60, watu wazima wanne wanakaribia 300, na hapo hujaweka winchi, bampa, hema na vyombo. Ukizidisha alafu gari ikapinduka umewapa sababu ya kukataa bure kabisa. Ipeleke kwenye mizani siku moja ikiwa imejaa kama ya safari, cheti cha mizani kitunze. Na kama mahali ulipo sheria inataka gari iliyopandishwa ikaguliwe au isajiliwe upya, fanya hivyo kabla ya kuongea na bima, gari isiyoruhusiwa barabarani ni ngumu kuitetea.

Kuhusu aina ya bima sitakaa sana. Bima ndogo, ile thadi pati, inalipa uliyemgonga, gari yako hailipi. Kwa gari uliyoimwagia pesa unataka bima kubwa. Ila chunga hili: bima ya lazima sehemu nyingi imefungwa kwenye barabara za umma, kwa hiyo mkiwa kwenye shamba la mtu mnavutana na kamba ikakatika ikampiga mwenzako, usidhani moja kwa moja kwamba thadi pati ipo. Uliza.

Hapa ndo penyewe sasa, neno ofrodi. We ukisema ofrodi unamaanisha njia ya vumbi ya kwenda kambini, wao wanaweza kumaanisha popote pasipo na lami, au popote pasipo barabara iliyosajiliwa, au mashindano. Kuna mikataba inakubali barabara ya changarawe ila inakataa ufukweni, mwingine unakubali njia za hifadhi ila unakataa kuvuka mto. Usiulize "mnalipa ofrodi?" coz atakujibu "ndio bosi" huku akiwaza kingine. Taja mahali kimojakimoja: barabara ya vumbi ya serikali, njia ndani ya hifadhi, shamba binafsi kwa ruhusa ya mwenyewe, mchanga wa ufukweni, kuvuka maji. Mashindano, mbio na chochote kinachopimwa kwa saa karibu wote wanakataa, hata kama mlikuwa marafiki watatu mnataniana nani atapanda kilima kwanza, na video mkairusha mtandaoni wenyewe.

Maji yana kesi yake. Maji hayabanwi kama hewa, injini ikiyavuta pistoni inapanda inakutana nayo, konrodi (chuma kinachoshikilia pistoni) inapinda, injini imekwisha. Kampuni nyingi zitakwambia uliingia mwenyewe kwa hiari yako, hiyo sio ajali ni uzembe. Snokeli inainua pale injini inapovutia hewa, haiifanyi gari kuwa mtumbwi, kompyuta, alteneta na difu bado ziko kulekule chini. Kama mito ni sehemu ya safari zako basi tafuta mkataba unaotaja maji waziwazi, ukikosa chukulia huna bima ya maji na uendeshe hivyohivyo. Ikitokea imezimika majini USIPIGE STATA tena, hilo la kupiga stata ndo linamalizia injini na asesa ataliona.

Twende kwenye thamani. Kuna bima ya bei ya soko, yaani siku gari ikiharibika kabisa wanaangalia gari kama hiyo inauzwa ngapi, na soko halijui kama ulifunga shokapu za bei mbaya. Kuna ya thamani mliyokubaliana, mnaandika namba mwanzoni na ndo hiyohiyo. Kwa gari iliyomodifaiwa mi nakwambia tafuta hii ya pili hata kama ada inapanda. Tafuta mtathmini anayezijua 4x4, mpe risiti zote, vifaa viandikwe kimojakimoja na bei yake. Na usikatie bima chini ya thamani ili ulipe kidogo, watakupiga na hesabu ya uwiano: gari ina thamani ya 100, we umekatia 70, hasara imekuja 20, unalipwa 14, alafu bado wanatoa eksesi, kile kiasi unachobeba mwenyewe kwenye hasara. Uliza pia kama vifaa vinalipwa vikiibiwa peke yake, hema na friji vinatembea sana.

Na nani anaitoa gari porini? Huduma nyingi za kuvuta zinaishia pembeni ya barabara, breki dauni haingii kwenye mchanga. Gharama ya kuitoa inaweza kukushtua kuliko matengenezo yenyewe, kwa hiyo omba iandikwe kwamba inalipwa na kikomo chake.

Ukishapata majibu kwenye simu hujapata kitu bado. Mwandikie broka, yule anayekutafutia bima, ujumbe mfupi kama huu: "Kama tulivyoongea leo, gari yangu ina mabadiliko yaliyo kwenye orodha niliyoambatanisha. Nitaitumia kwenye njia za vumbi, njia za hifadhi na mashamba binafsi kwa ruhusa, sio mashindano. Naomba nyongeza ya mkataba inayothibitisha haya kabla sijalipa." Asipotaka kuandika ushapata jibu lake, tafuta mwingine.

Kabla ya safari piga picha gari pande zote, chini pia. Likitokea la kutokea piga picha kabla hamjaivuta, maana winchi ikishaanza kazi hakuna atakayejua mkwaruzo upi wa mti na upi wenu.

Wiki iliyopita nimefunga taa mpya mbili tu za mbele, nikamtumia broka picha na risiti nikiwa bado niko gereji. Akanijibu "we bosi kila mwezi una kitu kipya", ila jioni ileile karatasi ya nyongeza ilikuwa imeingia kwenye imeili.