Kabla ya kupokea funguo za apatimenti mpya, fungua mabomba yote

Ukienda kukagua apatimenti mpya uliyonunua, usiishie kwenye rangi na vigae. Mwambie mkandarasi awashe mitambo yote mafundi wake wakiwa bado wako saiti.

Anza na maji. Fungueni mabomba ya jikoni na mashawa ya ghorofa ya juu kabisa kwa wakati mmoja. Pampu dhaifu itajulikana hapo hapo. Kisha ziba tundu la maji la sakafu ya bafu, jaza maji sentimita 2 hivi, uyaache saa 24. Kesho yake shuka nyumba ya chini ukaangalie dari. Kipimo hiki mimi sikiachi kamwe, kwa sababu uvujaji ukigundulika watu wameshahamia, dawa yake ni kung'oa vigae.

Kwenye umeme, zimeni mein suichi ya jengo muone jenereta inabeba nini hasa. Lifti imo, au ni taa za korido tu? Ndani ya nyumba, bonyeza kitufe chenye herufi T kwenye kikata umeme cha kuzuia shoti ya mwili. Umeme usipokatika, kinga haipo.

Pampu, lifti na mabomba ya zimamoto ni mali ya pamoja, na gharama za kuyatunza zitawaangukia wenye nyumba wote. Kwa hiyo nendeni pamoja, mkadai kwa maandishi vyeti vya majaribio, ramani za mabomba na nyaya, na waranti za mitambo.