Somo: Kubadilisha nobu ya gia kwenye Subaru Impreza WRX ya gia tano

Nobu ya gia, yaani kichwa unachokishika juu ya liva (fimbo ya kubadilishia gia), ni kifaa ambacho mtu anaweza kukibadilisha kwa mikono mitupu ndani ya robo saa, na nadhani ndiyo sababu wengi wetu hukibadilisha vibaya. Miaka michache iliyopita nilinunua nobu ya alumini ambayo boksi lake lilidai kwamba inaingia kwenye gari zote. Ndani yake mlikuwa na bomba la plastiki na skrubu tatu ndogo za kubana kutoka pembeni. Ilikaa vizuri kwa wiki mbili za mizunguko ya mjini, kutoka Uyole hadi Mwanjelwa na kurudi. Siku niliposafiri kwenda Morogoro, nikiwa nateremka Kitonga nyuma ya lori la mafuta, nilivuta kutoka gia ya tatu kwenda ya pili, nobu ikabaki mkononi na liva ikasimama katikati bila gia yoyote. Nilikanyaga breki, nikashika chuma kitupu na kukivutia kwenye gia ya pili. Alama ya thredi ilibaki kwenye kiganja changu hadi nilipofika Ruaha Mbuyuni.

Kwa hiyo rangi, umbo na nembo nawaachia wenyewe mchague. Hapa tutashughulika zaidi na thredi, au hesi kama inavyoitwa vitabuni: yale meno ya kuzungushia yaliyochongwa juu ya liva na ndani ya nobu.

Kuijua thredi kabla ya kutoa pesa

Liva ya WRX ya gia tano ina thredi ya M12 x 1.25, maana yake kipenyo ni milimita 12 na umbali kutoka jino moja hadi jingine ni milimita 1.25. Toyota nyingi za gia za mkono, Altezza ikiwemo, hutumia kipimo hichohicho. Mazda Roadster na Mitsubishi nyingi hutumia M10 x 1.25, ilhali Honda hutumia M10 x 1.5. Hata hivyo, gari zetu zimepita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kutufikia, na huenda mmoja wao alikwisha kukereza liva upya. Pima ya kwako mwenyewe. Laza rula kando ya thredi, anza kwenye ncha ya jino moja na uhesabu nafasi kumi: zikifika milimita 12.5 una thredi ya 1.25, zikifika milimita 15 una ya 1.5.

Ipo pia njia isiyohitaji rula, nayo ndiyo ninayoipenda. Nati za tairi za Subaru ni M12 x 1.25, sawasawa na liva. Fungua nati moja ya tairi, kisha ijaribu juu ya liva; ikiingia kwa vidole viwili hadi chini bila kukwama, umepata jibu. Unapokwenda dukani, weka mfukoni stadi (boliti ya tairi) moja kuukuu ya Subaru au Nissan na uijaribu ndani ya kila nobu unayoonyeshwa. Usichukue stadi ya Toyota, kwa sababu tairi za Toyota hutumia M12 x 1.5 ingawa liva yake ni 1.25, na hapo ndipo wengi hudanganyika: nobu isiyo sahihi hukubali mizunguko miwili au mitatu, kisha inakaza, na mnunuzi anadhani imekaza kwa sababu imefika mwisho. Nobu sahihi huzunguka kwa wepesi uleule tangu mzunguko wa kwanza hadi wa mwisho, nami sikubali iliyoingia chini ya mizunguko minane.

Kuhusu malighafi nitasema machache. Alumini ni nyepesi, chuma cha pua na shaba nyeupe ni nzito, na uzito huo husaidia liva kuingia kwenye gia kwa ulaini zaidi kwa kuwa mkono ukishaianzisha safari, uzito wenyewe huendelea kuisukuma. Lakini sisi tunaishi Nyanda za Juu. Asubuhi ya mwezi wa Juni au Julai, gari ikiwa imelala nje, nobu ya chuma huuma kiganja kama maji ya mtoni, na mchana ikianikwa juani huunguza. Mimi nimerudi kwenye ngozi.

Kutoa nobu ya zamani

Egesha gari mahali tambarare, zima injini, vuta handibreki na uweke kigingi nyuma ya tairi, kwa sababu utafanya kazi liva ikiwa kwenye gia huru na hakuna gia itakayoizuia gari isitembee. Shusha mfuko wa ngozi unaofunika liva. Mara nyingi shingo yake imefungwa kwa kamba ya plastiki au imechomekwa tu chini ya nobu. Ikiwa ni kamba, ikate kwa mkasi mdogo, wala usiuvute mfuko kwa nguvu, kwani ngozi ya miaka ishirini huchanika kama karatasi.

Sasa shika nobu kwa mkono mmoja na liva kwa mkono wa pili, kisha zungusha nobu kinyume cha mshale wa saa. Mkono wa pili ni wa lazima. Ukizungusha nobu peke yake, nguvu yote inashuka hadi kwenye bushi za liva (vipande laini vinavyoishikilia maungioni) chini ya konsoli, na bushi zilizochoka hazitakusamehe. Nobu ikigoma, mimina maji ya moto kwenye kitambaa, kikamue, kizungushie nobu kwa dakika tano kisha ujaribu tena. Gundi ya kiwandani hulegea kwa joto. Ikigoma bado, bana liva kwa plaisi iliyofunikwa na kipande cha ngozi, chini kabisa ya thredi, na uzungushe nobu kwa mikono yenye glavu za mpira. Sijawahi kuona nobu ya WRX iliyoshinda hatua hiyo.

Kufunga nobu mpya

Safisha thredi kwa mswaki wa zamani na mafuta kidogo ya taa, kisha ziache zikauke. Zungusha nati nyembamba ya M12 x 1.25 hadi mwisho wa thredi. Hii ndiyo nati ya kufungia, na nobu nyingi nzuri huuzwa pamoja nayo. Rudisha mfuko wa ngozi, kisha zungusha nobu hadi igote. Hapo utagundua kwamba mchoro wa gia unatazama mlango wa abiria au kioo cha nyuma. Usiilazimishe. Irudishe nyuma kidogo, chini ya mzunguko mmoja, hadi mchoro usimame wima mbele yako. Utakuwa umeinua nobu kwa pungufu ya milimita 1.25, jambo ambalo mkono hauwezi kulihisi. Ishikilie hapohapo, pandisha nati hadi iguse tumbo la nobu na uikaze kwa spana. Kukaza kwa kiasi kunatosha.

Anayetaka gundi ya thredi atumie ya buluu, tone moja tu. Gundi nyekundu hudai joto la nyuzi 250 na kupanda ili iachie, na kabla ya kufika huko ngozi na plastiki za konsoli zitakuwa zimekwisha kuharibika.

Kabla ya kuwasha injini, kanyaga klachi na upite gia zote, ikiwemo rivasi, ukiangalia kama nobu inagusa dashibodi kwenye gia ya kwanza na ya tatu au handibreki kwenye gia ya pili na ya nne. Baada ya siku tatu kaza nati tena.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Iringa:* Kamwene, mwalimu. Mimi nina STI ya gia sita, nayo rivasi ina pete ya kuvutwa juu kwa vidole. Je, somo hili linanihusu?

Kamwene, ndugu yangu. Thredi ni ileile ya M12 x 1.25, ila pete hiyo imeunganishwa na kebo inayoondoa kizuizi cha rivasi, na lazima ibaki na nafasi ya kupanda safari yake yote. Kabla ya kutoa nobu ya zamani, ivute pete hadi juu na upime umbali inaopanda. Nobu mpya ikikaa chini sana na kuibana, utakuwa na gia sita za kwenda mbele na hakuna ya kurudi, na utaligundua hilo ukiwa umeegesha pua ya gari ukutani. Iinue nobu kwa nati ya kufungia hadi pete icheze yote, mradi mizunguko minane ibaki ndani.

*Mwanachama wa Tukuyu:* Shikamoo. Fundi wangu anasema nobu nzito inaharibu giaboksi. Ni kweli?

Marahaba. Nobu ya gramu mia nne haijaharibu giaboksi yoyote niliyowahi kuifungua. Kinachoharibu ni mkono. Dereva anayeendesha kutoka Tukuyu hadi Mbeya huku kiganja kimelala juu ya liva anausukuma uma wa gia (kipande cha ndani ya giaboksi kinachosogeza gia) muda wote dhidi ya pete inayozunguka, na uma huo huisha kidogo kidogo bila yeye kusikia lolote. Hata hivyo, fundi wako ana haki kwa upande mmoja: bushi zikiwa zimechoka, nobu nzito huifanya liva itetemeke na kulia zaidi.

*Mwanachama wa Makambako:* Gari yangu ni otomatiki. Naweza kufuata hatua hizi?

Hapana. Liva ya otomatiki mara nyingi ina kitufe cha kuruhusu kutoka P (nafasi ya kuegesha), na nobu yake hufungwa kwa skrubu au klipu, si kwa kuzungushwa. Ukiizungusha utavunja kitufe.

*Mwanachama wa Uyole:* Kaka, aliyekuwa na gari kabla yangu alilazimisha nobu ya Honda, na sasa thredi za juu zimelala. Fundi wa kuchomelea ameniambia aongeze chuma hapohapo ndani ya gari, kazi ya dakika kumi.

Mkatalie kwa heshima. Joto la kuchomelea litashuka kwenye liva na kuyeyusha bushi na mpira wa vumbi ulio chini yake, achilia mbali cheche zitakazoangukia viti. Tafuta kwanza dai (kifaa cha kuchongea thredi) ya M12 x 1.25 kwa fundi wa kukereza, ipake mafuta, iingize ikiwa imenyooka kabisa, na uzungushe nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili vumbi la chuma litoke. Mara nyingi thredi zilizolala husimama tena na kubaki nzuri kiasi cha kutosha. Zikiwa zimekatika kabisa, toa liva yote, ipeleke ikakerezwe iwe M10 x 1.25, kisha ununue nobu ya kipimo hicho. Ukimaliza, andika kipimo kipya kwa rangi chini ya mfuko wa ngozi, ili atakayeinunua gari hiyo baada yako asije akafuata somo hili na kununua nobu ya M12.

*Mwanachama wa Sumbawanga:* Nimefunga nobu mpya kama ulivyoelekeza, imekaza vizuri, lakini liva bado inacheza kushoto na kulia hata ikiwa kwenye gia.

Hiyo si nobu, ni bushi. Ingia chini ya gari, mwambie mtu atikise liva, nawe uangalie maungio ya fimbo inayokwenda kwenye giaboksi, utaiona inayocheza.