Gari la umeme limezimika Liwale: maelekezo kwa fundi anayewafuata wateja

Kazi hii inaanzia kwenye simu. Ukiiharakisha simu hiyo utachoma mafuta bure hadi Liwale na kurudi. Mimi gereji yangu iko Masasi, na wateja wa magari ya umeme nawafuata kwa pikipiki ya petroli (cheka ukitaka). Gari ninaloitiwa zaidi ni Nissan Leaf iliyotumika Japani, kwa hiyo nitasemea hiyo.

Mteja atakwambia, "Fundi, gari limekufa." Msalimie kwanza, mzee ni shikamoo hata akiwa amekwama porini, halafu muulize: ukibonyeza kitufe cha kuwashia, taa za dashibodi zinawaka? Ile alama ya kijani ya kigari chenye mshale, inayosema gari liko tayari kwenda, inatokea? Chaji ilikuwa asilimia ngapi? Apige picha ya dashibodi akutumie. Kama mtandao haushiki, amtume kijana wa bodaboda asogee penye mnara.

Taa zikiwa hafifu, zikipepesa au zisipowaka kabisa, shuku betri ndogo ya volti 12 iliyo chini ya boneti. Wenye magari haya wengi hawajui hata kama ipo. Betri kubwa inaweza kuwa imejaa, lakini ile ndogo ndiyo inayoamsha kompyuta na kuvuta swichi zinazoachia umeme wa betri kubwa. Ikiisha, gari zima halisogei.

Hilo mteja anaweza kulimaliza wewe hujavaa helmeti. Atafute gari lingine la volti 12 na waya za kubusti. Waya wa chaji uchomolewe. Chanya kwa chanya. Waya wa hasi utoke kwenye betri ya gari linalosaidia uende kwenye chuma kitupu cha Leaf, mbali na betri. Alama ya kijani ikitokea, atoe waya na aliache gari limewaka, litaijaza lenyewe ile ndogo. Ila mwenye lori akija kesho kuomba naye abustiwe na Leaf, akatae. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Ikishindikana, ndipo ufunge mzigo. Beba mita inayohimili volti 1000, glavu za mpira za mafundi umeme za kiwango hichohicho pamoja na za ngozi za kuvaa juu yake, kisomeo cha OBD cha Bluetooth (kinachochomekwa kusoma kompyuta ya gari) chenye programu ya LeafSpy ya kuonyesha hali ya betri kwenye simu, betri ndogo iliyojaa, fyuzi, viraka na pampu. Pancha usiidharau, kwani Leaf nyingi hazina tairi la spea. Glavu zijaze hewa uzikunje kabla ya kuondoka; yenye tobo, hata la sindano, itupe.

Ukifika, pima betri ndogo kabla ya kugusa kingine. Gari likiwa limezimwa, 12.6 ni nzima, 12.0 iko hoi. Likiwaka, mita ipande kuvuka 13. Isipopanda, mgonjwa ni kifaa kinachoshusha umeme wa betri kubwa kuja kwenye ndogo, na kumuuzia mzee wa watu betri mpya hapo ni wizi.

Waya za rangi ya chungwa ndizo mpaka wako. Betri kubwa ikijaa inafika karibu volti 400, na umeme huo ni wa DC, haukupi nafasi ya kujifunza. Nimeona fundi akikwangua ile plastiki ya chungwa "aone kama moto unafika". Usiwe huyo. Hata plagi ya kukatia umeme ikishang'olewa, unasubiri dakika 10 kapasita, vile vifaa vinavyobaki na umeme ndani, ziishiwe, halafu unapima ndipo uamini. Kinachohitaji kufungua betri kubwa kinakwenda gereji, hakifanyiwi chini ya mkorosho.

Kama chaji tu ndiyo imeisha, tafuta nyumba yenye umeme wa gridi, nunua LUKU yako kwanza, ndipo uombe soketi. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu chaja ya Leaf hukagua ethi (waya wa usalama unaozama ardhini), na nyumba nyingi vijijini ethi yake ni ya jina tu. Taa ya hitilafu ikiwaka, usiidanganye chaja kwa kuunganisha waya kienyeji. Chimbia fimbo ya ethi, pamwagie maji, ujaribu tena. Jenereta ndogo nazo hukataliwa kwa sababu hiyohiyo. Tumia chaja ya volti 230, maana ile iliyokuja na gari kutoka Japani imeandikwa 200. Kwa ampea 10 utapata kama kilomita 12 kwa kila saa, barabara ikiwa tambarare. Anayepanda kwenda Newala mkalishe kwenye soketi muda mrefu zaidi. Akishuka mlima, mota itamrudishia kiasi.

Kuvuta kwa kamba, hapana. Magurudumu ya mbele yakizunguka chini yanaizungusha mota nayo inazalisha umeme usiotakiwa. Yanyanyuliwe, au gari zima lipandishwe kwenye lori.

Nauli yako ipokee kwa simu kabla hujaondoka. Ya ufundi mnaweza kuelewana, na msimu wa korosho utaambiwa usubiri malipo ya mnada. Mimi husubiri kwa wateja wa zamani tu.