SOMO: Ruta na swichi ofisini, na namna ya kuongeza ruta ya pili bila kuvuruga mtandao

Wakuu, swali ni lilelile kila wiki: "Poti za ruta zimejaa, nina ruta nyingine kabatini, niichomeke wapi?" Naandika mara moja. Someni mpaka mwisho ndipo muulize.

Swichi inaunganisha vifaa vya mtandao mmoja: kompyuta ya mhasibu, printa, seva ya mafaili. Inafuata anwani za MAC, yaani namba ya utambulisho ambayo kila kifaa hutoka nayo kiwandani. Ruta inaunganisha mitandao tofauti, kwa mfano mtandao wenu wa ndani na intaneti, na yenyewe inafuata anwani za IP, yaani namba ambayo kifaa hupewa kinapoingia kwenye mtandao. Ndiyo maana intaneti ikikatika, printa ya mtandao bado inachapa.

Kinachochanganya wengi ni kile kiboksi cha kampuni ya intaneti. Mara nyingi ndani yake mna ruta, swichi ndogo, Wi-Fi, na DHCP, yaani huduma inayogawa anwani za IP. Ukileta kiboksi cha pili, umeleta na DHCP ya pili.

1. Unataka poti tu? Nunua swichi ya kawaida. Kebo moja kutoka poti ya LAN (ya mtandao wa ndani) ya ruta iingie poti yoyote ya swichi. Umemaliza.

2. Kebo isizidi mita 100. Kebo ya daraja la Cat5e inatosha kwa kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde.

3. Unataka kutumia ile ruta ya pili? Kwanza jua anwani ya ruta kuu. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika ipconfig, tazama mstari wa Default Gateway. Tuseme ni 192.168.1.1.

4. Hapa msiende mbio. Ruta ya pili ISIGUSE mtandao wa ofisi kwanza. Iunganishe na laptopu moja kwa kebo, ingia kwenye mipangilio yake, badili nenosiri. Ipe anwani ya mtandao uleule ambayo haitumiki na haimo kwenye zile zinazogawiwa na ruta kuu: kama ruta kuu inagawa kuanzia .100 hadi .200, hii ipe 192.168.1.2. Hifadhi, ingia tena kwa anwani mpya, kisha ZIMA DHCP. Sasa leta kebo ya ofisi na uichomeke poti ya LAN. Poti ya WAN (ya kupokea intaneti kutoka nje) ibaki tupu.

Usipoizima DHCP, ruta mbili zitagawa anwani na kompyuta itachukua ya aliyewahi kujibu. Ikiangukia kwa ruta ya pili, itaelekezwa kwenye njia isiyo na intaneti. Ubaya wake, tatizo halitokei kwa wote pamoja, maana mwenye anwani ya zamani anaendelea nayo mpaka muda wake uishe. Kuna ofisi asubuhi walikatikiwa watu wa mapokezi, mchana wahasibu, na siku nzima analaumiwa mtoa huduma. Dawa ni kuandika ipconfig /all kwenye kompyuta iliyogoma: mstari wa DHCP Server unamtaja aliyegawa anwani. Si ruta kuu? Umemkamata.

5. Zima na uwashe kompyuta, hakikisha.

MASWALI

Swali: Mkuu nimefanya yote, haifanyi kazi.
Jibu: Yote yapi? Leta majibu ya ipconfig /all na useme kebo iko poti gani.

Swali: Iko ile poti yenye rangi tofauti na zingine.
Jibu: Huenda hiyo ndiyo WAN, soma maandishi yake. Kisha rudia hatua ya 4.

Swali: Mimi ofisini nimeweka WAN na intaneti inapatikana. Unapotosha watu.
Jibu: Sijasema intaneti haiwezi kupatikana. Ukiweka WAN, umeunda mtandao mwingine nyuma ya ule wa kwanza. Jaribu kufungua kutoka upande wa ruta kuu faili lililoko kwenye kompyuta ya upande wa pili, halafu urudi hapa. Na mitandao yote miwili ikiwa 192.168.1.x, hata hiyo intaneti inaweza isipatikane.

Swali: Samahani kiongozi, swichi ikiwashwa tu inajuaje kompyuta fulani iko poti gani?
Jibu: Swali zuri sana. Haijui. Fremu, yaani kifurushi cha data kinachopita kwenye kebo, ikiingia, swichi inasoma MAC ya mtumaji na kuandika poti aliyotokea. Mpokeaji asipojulikana, inaisambaza poti zote isipokuwa ile iliyoingilia. Mpokeaji akijibu, naye anaandikwa. Ukielewa hapo, utaelewa kwa nini kebo moja ikichomekwa ncha zote mbili kwenye swichi mtandao mzima unaganda: fremu za kwenda kwa wote zinazunguka bila kukoma, kwa sababu fremu ya Etherneti haina kikomo cha safari kama pakiti ya IP. Taa zitapepesa zote kwa pamoja. Swichi zenye STP, yaani utaratibu wa kugundua na kufunga mizunguko, huzuia jambo hili, nyingi za bei rahisi hazina. Weka lebo kwenye kila kebo, ncha zote mbili.

Swali: Nje ya mada kidogo, nafunga kamera nane, swichi ya PoE (inayopeleka umeme kupitia kebo ya mtandao) ya poti 8 itatosha?
Jibu: Usihesabu poti, hesabu wati. Kiwango cha PoE kiitwacho 802.3af kinaruhusu mpaka wati 15.4 kwa poti, lakini swichi nayo ina jumla yake. Ikiwa jumla ni wati 60 na kila kamera inakula 10, zitawaka sita. Tazama wati za kamera usiku taa zake zikiwa zimewaka, za mchana zitakudanganya.