Mapigo yako juu baada ya zamu? Usianze na muziki mpole

Jamani mi ni tabibu wa muziki, kipindi chote cha korona nilikuwa nakaa na manesi na madaktari wa wodi za kutengwa wakimaliza zamu, na wiki za mwanzo nilikuwa nakosea vibaya sana. Nawawekea kinanda laini na sauti ya maji, nesi mmoja akavua hedifoni akaniambia "hii ndo inanipandisha hasira". Na alikuwa sahihi, mtu katoka kuvua gauni la kujikinga sasa hivi, pua bado ina alama ya barakoa, mapigo 104, afu we unamletea kijito kinatiririka.

Kinachofanya kazi ni kuanzia pale mtu alipo ndo umshushe taratibu. Kwenye fani tunaiita kanuni ya iso, ilitokana na kazi ya Ira Altshuler, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, miaka ya 1940 huko.

Hatua ya 1: jipime
Nawa mikono, futa hedifoni zako kwa spiriti (zako, hatuazimani), kaa. Hesabu mapigo ya mkononi sekunde 30 zidisha mara 2, kisha jipe namba ya wasiwasi toka 0 mpaka 10, andika kwenye simu. Basi.

Hatua ya 2: panga nyimbo 5
Hapa ndo kuna kazi, fanya siku ya mapumziko usifanye ukiwa umechoka. Chagua mwenyewe, muziki wowote unaoupenda, dansi, kwaya, taarabu, rap, hakuna muziki wa hospitali. Kujua mwendo wa wimbo gonga mguu kwa sekunde 15 uzidishe mara 4, ukipata 26 huo ni 104 kwa dakika. Wimbo wa kwanza uwe karibu na mapigo yako, wa pili kama 90, wa tatu 80, miwili ya mwisho iwe kati ya 60 na 70 na ikiwezekana isiwe na maneno. Jumla dakika 20 hivi, zidanlodi kabisa halafu zima data, maana meseji za grupu la kazini zikianza kuingia katikati umeharibu kila kitu.

Sasa chuja. Toa wimbo wowote wenye ka-ting kanakofanana na mashine za wodini, kuna daktari nilimwekea wimbo mzuri tu, dakika ya pili kakengele kakalia, alishafika mlangoni ndo akakumbuka zamu imeisha. Na ule wimbo unaoupenda kuliko yote, wa harusi yako sijui, usiuweke, baada ya mwezi utakuwa unanuka klorini kichwani mwako na hutaupata tena.

Hatua ya 3: sikiliza
Egemea, miguu chini. Nyimbo mbili za kwanza usijilazimishe kutulia, gonga vidole, imba kimoyomoyo, ukitaka kutikisa kichwa tikisa. Kuanzia wa tatu acha pumzi irefuke. Ukifika kwenye wimbo wenye mwendo wa 60 kila pigo ni sekunde moja, kwa hiyo vuta kwa mapigo 4 toa kwa 6, ambayo ni pumzi 6 kwa dakika, na ile pumzi ndefu ya kutoa ndo inaushusha moyo. Ukisikia kizunguzungu acha kuhesabu. Sauti iwe ya kiasi, mwenzako akikuita toka mita moja umsikie. Na wodini hedifoni usivae kabisa, masikio yako kule ni ya mgonjwa.

Ukilia, lia. Ila kama umepoteza mgonjwa siku hiyo usikae peke yako kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mwite mwenzako.

Hatua ya 4: jipime tena
Namba ya wasiwasi ikishuka 2 mi naridhika. Isiposhuka zamu tatu nne mfululizo badili nyimbo, mara nyingi tatizo liko kati ya wa pili na wa tatu, umeshuka ghafla mno. Wengine kabla ya zamu wanaugeuza mpangilio, uanze chini upande. Italia kule Bari mwaka 2020 wahudumu wa afya walikuwa wanatumiwa orodha za nyimbo kwa mbali, ya kupumua, ya nguvu na ya utulivu, zinarekebishwa kadiri wanavyojibu, nawe fanya hivyo hivyo kwako.

Ila mkubwa wa kazi asikupe nyimbo badala ya siku ya kulala, hiyo kataa. Na kama wiki mbili hulali au unawaza kujidhuru, muone mtaalamu wa afya ya akili, hapo sio suala la muziki tena.

Afu weka alamu kabla hujaanza, wengi hawafiki wimbo wa tano, wanasinzia, na gari la wafanyakazi halikusubiri.