Kabla ya kuunga mkono kodi mpya, ipime hivi

Nauza mahindi Busia, upande wa Uganda. Kila Juni bajeti ikisomwa, vijana wanaoanza biashara huniuliza kama kodi fulani ni nzuri. Mimi huwaonyesha namna ya kuipima wenyewe.

Soma muswada, usitegemee redio. Tafuta nani analazimishwa kufanya nini, na akikataa atapata adhabu gani. Ibara ya 152 ya Katiba ya 1995 inasema kodi haitozwi ila kwa sheria ya Bunge. Basi anayekudai malipo sokoni, muulize kwa heshima anatumia sheria ipi, kisha omba risiti.

Halafu mtafute asiyeonekana. Hapa usiharakishe. Mwanauchumi Mfaransa Frédéric Bastiat alieleza mwaka 1850 kwamba faida ya sheria huonekana upesi, lakini hasara yake huwaangukia watu wasiotajwa. Chukua kodi ya pesa za simu ya Julai 2018: asilimia 1 ya muamala. Mkulima wa Tororo akitoa shilingi 500,000 za mahindi yake, 5,000 zimekwenda, na ada ya kampuni bado. Hazikukatwa kwenye faida. Zilikatwa kwenye pesa yenyewe, hata kama msimu ule alipata hasara! Ndiyo maana watu walirudi kubeba noti mifukoni, barabara zetu tunazijua. Mwaka huohuo ikashushwa hadi asilimia 0.5, kwa kutoa pesa tu. Swali la kuandika daftarini: nani atalipa, na ataacha kufanya nini ili aikwepe?

Kisha uliza kama lengo lingefikiwa kwa hiari. Mfano huu si wa kodi, ila kipimo ni kilekile: Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu kwenye nafaka. Sumukuvu ni hatari kweli, sibishani. Lakini zuio lilimkamata aliyekausha vizuri pamoja na aliyeanika chini kwenye udongo. Mnunuzi anayepima unyevu na kulipa zaidi kwa mahindi yasiyozidi asilimia 13.5 humfundisha mkulima kununua turubai bila askari. Serikali nataka ishike wezi na isimamie mikataba. Hapo nailipia kwa moyo.

Mwisho, andika ukurasa mmoja kwa kamati ya Bunge inayoshughulikia muswada: namba ya kifungu, hesabu yako, na pendekezo lako. Upeleke kabla kamati haijaandika ripoti.