Somo: Kukagua ubora wa ultrasaundi ya wajawazito na huduma ya mama na mtoto mchanga kituoni

Ninaandika somo hili kwa sababu swali ni lile lile kila mara: “Tumepata mashine, tutajuaje kama kazi yetu ni nzuri?” Kuanzia leo nitawaelekeza wote hapa. Linawahusu wakunga, wapimaji na wakuu wa vituo vya afya ngazi ya III na IV hapa Uganda, na halihitaji zaidi ya daftari, kalamu na mpimaji wa pili. Anayetafuta sifa za mashine hatazipata, maana ubora ninaouzungumzia huonekana katika picha iliyohifadhiwa, katika rejesta, na katika kile alichotendewa mama baada ya kushuka kitandani.

Hatua ya kwanza. Pata ruhusa ya mkuu wa kituo, na uwaeleze wafanyakazi kwamba hutafuti mchawi.

Hatua ya pili. Chagua akina mama kutoka rejestani, kwa mfano kila wa kumi, kisha ndipo uombe picha zao. Ukimwachia mpimaji achague, utaonyeshwa zilizopendeza. Picha isiyopatikana iandike hivyo hivyo kwamba haikupatikana.

Hatua ya tatu. Angalia mimba ilikuwa na umri gani ilipopimwa. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza ultrasaundi moja kabla ya wiki 24, na sababu ni tarehe ya kujifungua: urefu wa kijusi kutoka utosini hadi matakoni, ukipimwa vizuri kabla ya wiki 14, hukosea kwa siku tano hadi saba tu, ilhali kipimo cha miezi mitatu ya mwisho kinaweza kukosea kwa wiki tatu. Tarehe iliyopangwa kwa kipimo kizuri cha mapema haibadilishwi na cha baadaye. Kadi yenye tarehe tatu, mbili zimekatwa, inatosha kukuambia kwamba kituo hakina utaratibu.

Hatua ya nne. Zipe picha alama. Kichwa cha mtoto kina alama sita: umbo la ulinganifu, thalamasi (sehemu mbili za katikati ya ubongo) zionekane, kijisanduku cheusi cha mbele kwenye mstari wa kati kionekane, ubongo mdogo wa nyuma usionekane, picha ijaze angalau nusu ya kioo, na vialama vya kupimia viwe mahali pake. Tumbo nalo lina sita: ulinganifu, tumbo la chakula, mshipa wa kitovu unapoingia ndani ya ini, figo zisionekane, ukubwa na vialama. Mfupa wa paja una nne: ncha zote mbili zionekane, mwelekeo usizidi digrii 45 kutoka mlalo, ukubwa na vialama. Jumla ni 16.

Hatua ya tano. Hapa ndipo ukaguzi mwingi huharibika. Mpimaji wa pili ampime upya mama yule yule, siku ile ile, kwa ridhaa yake, bila kuona namba za mwenzake. Na kufunika karatasi ya majibu peke yake hakutoshi. Mashine nyingi huonyesha umri wa mimba papo hapo vialama vinapowekwa, na mpimaji anayejua kwamba kadi inasema wiki 32 atakisogeza kialama milimita moja huku, mbili kule, mpaka kioo nacho kiseme 32, bila hata kujitambua kwamba amefanya hivyo. Kwa hiyo ficha kadi, bandika karatasi kwenye pembe ya kioo inayotoa namba, futa vialama vya mwanzo, na mtu wa tatu ndiye aandike.

Yapo maonyo matatu. Usitegemee wastani wa tofauti kati ya vipimo vya wapimaji wawili peke yake: mama mmoja akiwa na tofauti ya kuzidi milimita 8 na mwingine ya kupungua milimita 8, wastani ni sifuri, na ripoti itasema wapimaji wanakubaliana ilhali hawajakubaliana hata mara moja. Wastani huonyesha kama mmoja huzidisha daima. Mtawanyiko, yaani jinsi tofauti hizo zinavyoachana, huonyesha kama wanayumba. Andika vyote viwili. La pili, kuweka vialama upya kwenye picha iliyogandishwa hakupimi uwezo wa kuitafuta picha yenyewe, kwa hiyo kipimo kianze upya. La tatu, mama mwenye mimba kubwa asilale chali muda mrefu akiwasubiri ninyi mbishane. Mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa wa damu na presha hushuka. Mlazeni kwa ubavu wa kushoto.

Hatua ya sita. Fuata jibu lilikokwenda. Kondo la nyuma likionekana chini kwenye wiki ya 20, je, lilitazamwa tena karibu na wiki ya 32? Mengi hupanda mfuko unapokua, lakini lililobaki linahitaji rufaa kabla ya uchungu, kwenda penye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi. Linganisha pia na rejesta ya wodi ya uzazi: mapacha waliogunduliwa kitandani, ilhali mama alipigwa skani mara mbili, waandikwe kwa kalamu nyekundu.

Hatua ya saba. Ingia wodini. Bonyeza mfuko wa kumpumulisha mtoto huku umeziba barakoa kwa kiganja, uone kama unashika hewa, na uangalie kama ipo barakoa ya mtoto njiti. Soma kipimajoto cha friji ya oksitosini, dawa ya kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, ambayo huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Tazama partografu, chati ya maendeleo ya uchungu: wino mmoja, mwandiko mmoja na mstari ulionyooka kama wa rula maana yake imejazwa baada ya mtoto kuzaliwa. Rejesta ambayo kila mtoto ana Apgar (alama za hali ya mtoto anapozaliwa, kati ya 0 na 10) ya 9 na 10 nayo haiaminiki.

Hatua ya nane. Rudisha matokeo kwa wapimaji wiki hiyo hiyo, picha mkononi.

MASWALI

Mdau wa Bombo: Naomba fomu tu nijaze, ripoti ni kesho.

Jibu: Fomu bila hatua ya pili na ya tano ni karatasi. Omba siku zaidi.

Mdau wa Kampala: Mashine gani ndiyo bora?

Jibu: Soma aya ya kwanza.

Mkunga wa Arua: Mwalimu, shikamoo. Kituo chetu cha ngazi ya III kina mpimaji mmoja tu. Hatua ya tano tuifanyeje?

Jibu: Marahaba, dada. Apime mara mbili yeye mwenyewe, akihudumia mama mwingine katikati, namba za kwanza zikiwa zimefichwa. Hapo utajua kama mkono wake umetulia, ila hutajua kama anakosea daima upande mmoja, maana anayekosea vile vile hukubaliana na nafsi yake. Kwa hilo mwalike mpimaji wa kituo cha ngazi ya IV siku moja ya kliniki. Picha za kupewa alama mnaweza kubadilishana na kituo jirani, majina yakiwa yameondolewa.

Mwanafunzi, Jinja: Kwa nini mduara wa tumbo hutofautiana kuliko wa kichwa?

Jibu: Kichwa kina mfupa unaong'aa pembeni pote, tumbo ni laini, ukingo wake hufifia, mtoto akijikunja hubadilika, na ukikandamiza probu (kifaa cha mkononi cha kupimia) hubonyea. Probu ikiinama kidogo tu, duara huwa yai. Nalo ndilo linalovuta zaidi makadirio ya uzito, kwa hiyo mtoto aliyedumaa anaweza kuandikwa mzima. Fanya mazoezi ya tumbo kwanza.

Mdau wa Mbale: Foleni yetu ni ndefu. Haya ni mambo ya Ulaya.

Jibu: Kutoa alama kwa picha tatu hakuchukui muda wa kunywa chai. Kati ya utafiti wa kitaifa wa 2016 na wa 2022 vifo vya uzazi Uganda vilishuka kutoka 336 hadi 189 kwa kila vizazi hai 100,000, na sioni hiyo 189 ikishushwa na foleni inayokwenda mbio.

Mpimaji wa Masaka: Nyongeza: msijaze chupa ya jeli juu ya iliyobaki. Bakteria hukaa humo.

Jibu: Ahsante, ndugu. Ioshwe na ikauke kwanza, au itumike mpya.

Mkunga wa Arua: Na tarehe ya mashine? Yetu umeme ukikatika hurudi miaka nyuma.

Jibu: Basi angalieni kabla ya mama wa kwanza kila asubuhi, kwa sababu mashine huhesabu umri kutoka hedhi ya mwisho kwa saa yake yenyewe. Betri ya ndani imekufa, fundi ataibadilisha. Mpaka hapo, hesabuni kwa gurudumu la mimba (kadi ya duara ya kuhesabia wiki), na mpitie upya kadi zote zilizotolewa tangu hitilafu ilipoanza.